Mkandarasi Aliyeuona Mwanga

Watu wa Ilala wanaamini kwamba Mkandarasi alipofushwa na intaneti. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuvaa kofia ngumu nyeupe hata akienda kununua mkate, nani angembishia? Wanasema alichungulia ndani ya nyuzi za kioo ili wao wapate mtandao wa kasi, na ule mwanga ukamla macho. Watoto wanampisha njia. Watu wazima wanamwita shujaa. Uongo mtupu! Mimi nilikuwa fundi wake miaka mingi, na ninajua kwamba kilichomla macho ni presha ya macho. Daktari aliiona mapema, akamwandikia dawa ya matone, akamwambia kilichopotea hakirudi lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Akakataa. Mtu aliyependa kujitazama kwenye kila kioo cha duka Kariakoo, akakataa kuyalinda macho yake! Kwa nini? Swali hilo lilinikera mpaka mwaka jana, nilipokwenda kumtembelea.

Jina lake silitaji, na hata yeye hakulitumia sana. Ukimwita kwa jina aligeuka polepole, kama anayekumbuka ndugu wa mbali. Ukimwita Mkandarasi aliitika kabla hujamaliza. Hata mke wake, Mama Hadija, alikuwa akisimama mlangoni na kutangaza: "Mkandarasi, chakula tayari."

Alikuwa zao halisi la soko huria. Zamani simu ilikuwa ya serikali, na ukiomba kufungiwa ulisubiri mpaka ukasahau uliomba nini. Kisha makampuni ya simu yakachipuka kama uyoga, kila moja likitaka minara, na kila mwenye muhuri wake akawa kampuni. Mkandarasi wakati huo alikuwa akiuza mapazia Mtaa wa Kongo. Wiki moja alikuwa muuza mapazia, wiki iliyofuata alikuwa mkandarasi wa mawasiliano, na kati ya wiki hizo mbili hakusoma kitu chochote isipokuwa bei ya kuchonga muhuri. Nilipomuuliza aliwezaje kuruka hivyo, alinishangaa.

"Binti, pazia linatundikwa, waya unatundikwa. Tofauti iko wapi?"

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Mnara wa simu juu ya ghorofa lazima uungane na minara mingine. Siku hizi huunganishwa kwa waya wenye nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na ndani ya nyuzi hizo hupita mwanga. Kila mwisho wa waya unachomeka kidude cha chuma kama kidole, kinaitwa transiva. Cha huku kinageuza maneno na picha zenu kuwa mwanga, cha kule kinaupokea na kuurudisha kuwa maneno na picha. Mimi nilikuwa nakata nyuzi, nasafisha, naziunganisha kwa mashine. Kazi yake yeye ilikuwa kukabidhi.

"Fundi anamaliza kazi," alikuwa akisema, "lakini mkandarasi anakabidhi. Kazi isiyokabidhiwa ni takataka juu ya paa la mtu."

Moyo wake ulikuwa wa Kariakoo: kikubwa ndicho kizuri. Tulipewa kuunganisha mnara wa Kariakoo na wa Ilala, mahali ambapo ukipiga kelele vizuri unaweza kusikika bila simu. Transiva huuzwa kwa umbali. Zipo za karibu, zipo za mbali. Mkandarasi akanunua zile za kurusha mwanga mpaka njia ya Chalinze. Nikamwambia, Mzee, hizi zimezidi. Akacheka.

"Nguvu ni nguvu. Nani amewahi kulalamika kwamba chai ina sukari nyingi?"

Tukawasha. Mashine ya Ilala haikupiga hata chafya, ilikufa papo hapo, mwanga umeizidi. Injinia wa kampuni ya simu, kijana mnene mpole aliyekuwa akitusimamia, akaeleza kwamba tunahitaji kununua kipande kingine cha kupunguza mwanga, kikae katikati. Mkandarasi alivua kofia. Alikuwa havui kofia ila kwa msiba.

"Yaani ninunue cha nguvu, halafu ninunue na cha kukipunguza nguvu? Hiyo siyo biashara, Injinia. Huo ni uchawi."

Halafu kulikuwa na suala la kupuliza. Ncha ya uzi wa kioo haitaki vumbi hata chembe. Ina kitambaa chake na ina dawa yake. Lakini Kariakoo kila kitu kikigoma kinapulizwa: laini ya simu inapulizwa, betri inapulizwa, rimoti inapulizwa na kupigwa kofi juu. Kwa hiyo Mkandarasi akipita mahali nimeshasafisha, anachukua ncha, anaijaza pumzi kama mama anayewasha jiko la mkaa. Nikipima, mwanga umepungua.

"Mzee, umetia mate!"

"Nimeibariki. Endelea."

Ningeweza kumchukia, na zipo siku nilimchukia kabisa. Lakini huyu huyu ndiye aliyenipa kazi wakati ofisi zote za Posta, kule katikati ya jiji, zilikuwa zinaniuliza nani ataoa msichana anayepanda mapaa. Yeye hakuniuliza cheti. Alifungua droo, akatoa sindano na uzi vilivyobaki kwenye mambo yake ya mapazia, akasema: "Tunga." Nikatunga mara moja. "Mkono hautetemeki. Unaanza kesho, na uje umevaa suruali." Ndio ulikuwa usaili wangu wote.

Na alikuwa bahili wa vitambaa vya kusafishia, lakini mkarimu wa chakula mpaka unaona haya. Lifti za Kariakoo zikiwa zimekufa, ambayo ndiyo hali yake ya kawaida, alipanda ngazi mwenyewe na sufuria ya pilau ya Mama Hadija, kofia imemwenda upande, anahema, anagombana na walinzi njia nzima. Kioo cha mashine yangu hakisomeki juani, basi alikuwa ananisimamia na mwavuli. Mkono mmoja mwavuli, mkono mwingine simu, anamtukana mtu wa saruji, na mwavuli wenyewe hautikisiki. Nikimwambia pumzika, ananiambia nitazame uzi.

Sasa niseme ule mwanga ulianzaje.

Tulikuwa tumefunga waya juu ya ghorofa la mfanyabiashara mmoja wa Kihindu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Taa, kwa sababu dukani kwake chini, tangu enzi za baba yake, wanauza taa. Ili kukabidhi, mwenye jengo lazima asaini kwamba kazi imekwisha na paa lake ni zima. Bwana Taa akapanda, taratibu, ameshika kiuno. Akautazama waya.

"Humu kinapita nini?"

"Mwanga," Mkandarasi akasema, kifua mbele.

"Basi niwashie niuone."

Tukatazamana. Akaendelea, bila ubaya wowote: "Bwana Mkandarasi, mimi nauza taa. Mteja hatoki dukani kwangu mpaka taa imewekwa kwenye soketi ikawaka mbele yake. Ndiyo desturi ya Kariakoo. Mimi nisaini mwanga ambao sijauona?"

Mwanga wa transiva hauonekani kwa macho. Si mkali, si hafifu, hauonekani tu, na vitabu vyote vinakataza kuuchungulia. Nilifungua mdomo nieleze. Injinia akanikanyaga mguu. Ilikuwa imepita saa ya chakula na hajala. Akachukua ncha ya waya, akaisogeza jichoni, akasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Mwanga upo." Akampa Bwana Taa.

Bwana Taa akachungulia muda mrefu. Muuza taa, mtoto wa muuza taa, mbele ya watu wote wale juu ya paa lake mwenyewe. "Upo," akasema. "Hafifu kidogo. Kama wati kumi na tano."

Mkandarasi akaipokea mwisho. Akaweka jicho la kulia. Akaweka la kushoto. Akarudisha la kulia. Sijawahi kumwona akinyamaza vile. Kisha akapaza sauti mpaka njiwa wakaruka: "Upo! Tena mkali!" Karatasi ikasainiwa, na mimi nikageukia ukutani kuuma kanga niliyojifunga shingoni, nisicheke.

Basi ikawa desturi. Habari zikaenea kwamba Mkandarasi anaonyesha mwanga, na wenye majengo wote wakataka kuonyeshwa. Bila kuchungulia hakuna saini. Kila mmoja aliona wake. Mashabiki wa timu ya Jangwani waliona njano na kijani, wale wa Msimbazi waliona wekundu, na siku moja nusura ngumi zipigwe juu ya paa kwa sababu ya rangi. Mkandarasi akawaamua: "Wote mko sahihi. Ni mitandao miwili." Mimi, kwa usalama wao, kabla ya kila sherehe nilishuka kimya kimya nikachomoa waya upande wa pili. Uzi ulikuwa mtupu, hauna kitu. Wakaendelea kuona.

Nami nilimheshimu kwa hilo, nasema kweli. Nilijua huyu bwana ni msanii. Anajua fika hakuna cha kuonekana, na bado anawafanya watu wenye maghorofa waone rangi za timu zao. Niliwahi kumwambia Mama Hadija: mumeo angekuwa mwanasiasa tungekwisha.

Macho yalipoanza kufifia, mimi nilijua kwa sababu ya yale masanamu ya kuvalishia nguo. Mtaa wa Kongo yamepangwa nje ya maduka, yamevaa madera na suti. Mkandarasi alikuwa akipita pale anaitikia: "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba, mama." Hakuna aliyemwamkia. Alikuwa haoni pembeni tena, anaona vivuli vimesimama, na kwa kuwa hakutaka kuonekana amempuuza mtu, aliitikia vyote. Wauzaji walicheka wakashika mbavu. Mimi nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilimwona amegonga mkokoteni ulioegeshwa, akauomba radhi, na kicheko kikaniisha.

Mama Hadija aliniita jikoni akanionyesha chupa ya dawa ya matone, haijafunguliwa. "Mwanangu, mimi hanisikii. Daktari kasema akitia kila siku atabaki na hiki alicho nacho. Asipotia ni giza. Mwambie wewe."

Nilimwambia ngazini, tukiwa wawili.

"Binti," akasema, "jicho likianza kukosa vitu vidogo limeshakwenda. Lile halingoji matone. Mimi najua yangu yalikwisha lini."

"Daktari kasema yapo!"

"Daktari anauza dawa. Mimi niliuza mapazia, najua mtu anayeuza anavyosema. Na wewe usithubutu kulisema hili mtaani. Mkandarasi asiyeona nani atampa kazi? Panda juu."

Nikadhani ni kiburi. Mtu yeyote angedhani ni kiburi.

Aliyejaribu kweli ni Bwana Taa. Tulikuwa tunaongeza waya wa pili kwenye jengo lake, na siku ya kukabidhi akasema tusipande kwanza, tunywe chai dukani. Akaleta boksi la taa. Akaweka moja kwenye soketi ya kupimia iliyo juu ya kaunta.

"Bwana Mkandarasi, hii inawaka?"

"Inawaka."

Akatoa, akaweka nyingine. "Na hii?"

"Inawaka. Tena mkali."

Akaweka ya tatu, Mkandarasi akasema na hiyo nayo inawaka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, na swichi ilikuwa karibu na bega langu. Ilikuwa imezimwa. Bwana Taa alinitazama, nikainamisha uso. Akazirudisha taa zake kwenye boksi moja moja.

"Sisaini," akasema. "Mimi nilipasuliwa jicho hili, nikalala nyumbani, nikarudi, duka bado lipo. Niletee karatasi ya hospitali, nasaini siku hiyo hiyo. Hapa kwangu mali isiyopimwa haitoki."

Nilitamani kumkumbatia yule mzee. Nilijua Mkandarasi hawezi kuacha saini ipotee, hajawahi kuacha. Lakini aliinuka, stuli ikaanguka nyuma yake.

"Bhai, ndugu yangu, unanipeleka hospitali kutafuta nini? Macho yangu yalikufa juu ya paa lako."

Akatoka, akaupoteza ule mkataba. Nilimfuata mpaka barabarani, nikamshika mkono, nikamwambia Mzee, tafadhali, nakuomba. Akanitoa mkono kwa upole, akaenda zake akiitikia masanamu. Baada ya hapo kazi zilipungua. Makampuni yakaleta wakandarasi wakubwa wenye magari yao na mashine zao, sisi tukatawanyika, na mimi nikapata kazi kwingine. Niliondoka nimejaa hasira. Nilikuwa nikisikia Ilala wanasimuliana ushujaa wake, natamani kupaza sauti.

Mwaka jana nikaenda. Mama Hadija amezeeka, alinipokea kwa machozi, akaingia jikoni kuchemsha chai. Mkandarasi alikuwa amekaa kwenye kochi, kanzu safi, kofia ngumu iko mezani karibu na mkono. Jirani mmoja alikuwa anaaga, anamwambia, Mzee wangu, taifa linakudai shukrani. Nikasubiri atoke.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba! Hiyo sauti ya fundi wangu." Akanishika mikono yote miwili, akavipapasa vidole vyangu. "Bado havitetemeki. Alhamdulillahi."

Ningenyamaza. Lakini mimi sijaumbwa hivyo, na ile habari ya taifa kushukuru ilikuwa imenikaa kooni.

"Mzee, kwa nini unawadanganya watu? Hakuna mwanga uliokula macho yako. Nilikuwa nachomoa waya kila ulipochungulia. Hakukuwa na kitu."

"Ulikuwa unachomoa?"

"Kila mara."

Akafikiri. "Na siku ile ya kwanza, kwa Bwana Taa?"

"Siku ile ulikuwa unawaka. Lakini mwanga ule hauonekani, Mzee. Si ulikuwa unajua? Hakuna binadamu anayeuona."

"Injinia aliuona."

"Injinia alikuwa na njaa."

"Bwana Taa aliuona. Kasema wati kumi na tano."

"Bwana Taa aliona aibu."

Akayageuza macho yale upande wangu, hayakunipata, yakatulia kwenye pazia la dirisha. Sauti ilitoka ndogo, sikuwahi kuisikia kwake.

"Mimi sikuona kitu. Nilitia la kulia, giza. Nikatia la kushoto, giza. Nikasema, hawa wenzangu wote wanaona, mimi peke yangu sioni, basi macho yangu yamekufa na sikujua. Nikawa naogopa kila paa. Nachungulia, watu wanaona rangi, mimi giza. Daktari aliponiambia bado yapo nikasema huyu hajui, ningemwambia nini, na mimi nimejipima juu ya mapaa yote ya Kariakoo?"

Miaka yote nilikuwa namwita msanii, na mwenzangu alikuwa anakufa kwa hofu na kofia yake kichwani.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "nilikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, Mzee."

Mama Hadija alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Sijui alisimama tangu lini. Alilishusha chini sakafuni, chai na vikombe, akakaa hapo hapo kando yake, akajifunika uso kwa kanga.

"Umesikia, mama?" Mkandarasi akamwambia, akinyoosha mkono upande ambao hakuwapo. "Nilikuwa naona sawa na wao."